Umetoka mtunzi gani? Dhana potofu kuhusu watunzi wa Kirusi

Katika mabaraza ya Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, chemshabongo za hulka zinazochezwa kwenye simu zimekuwa sehemu ya mazungumzo ya baada ya Alasiri, na iliyozua ubishi mwingi zaidi miongoni mwa marafiki zangu ni ile inayomwuliza mtu kuhusu usingizi wake, hasira zake na rangi anazozipenda, kisha ikamwambia anafanana na mtunzi gani wa muziki wa Kirusi. Mmoja ametoka Tchaikovsky, mtu wa huzuni. Mwingine, ambaye baba yake ni nahodha wa jahazi, ametoka Rimsky-Korsakov, baharia. Wa tatu, kiungo wa timu ya mtaani, ametoka Shostakovich, mwoga, na hajafurahi. Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Ni burudani isiyogharimu kitu ukiondoa bando. Ninachokikataa ni zile picha za watunzi, ambazo zimechorwa kutokana na kipande kimoja maarufu cha kila mmoja, kana kwamba muziki ni kitambulisho cha aliyeutunga.

Dhana: majibu ni sahihi kwa sababu yanamgusa mtu

"Wallahi, wamenisoma!" ndiyo kauli iliyorudiwa zaidi barazani. Maelezo yenyewe yalisema kwamba mhusika anapenda watu lakini mara nyingine hutaka kukaa peke yake, na kwamba ana vipaji ambavyo hajavitumia ipasavyo. Ni nani asiyeingia humo? Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwafanyia wanafunzi wake 39 jaribio la hulka, akampa kila mmoja majibu yake, kisha akawauliza yanawafaa kwa kiasi gani. Wastani wa alama walizotoa ulizidi 4 kati ya 5. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, ambayo mengi yake Forer aliyatoa katika kitabu cha unajimu. Mpiga ramli mzoefu huifahamu mbinu hii bila kuisomea chuoni. Nilipomsomea mwana wa nahodha maelezo ya Tchaikovsky na kumwambia kuwa ni yake, aliitikia kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho.

Dhana: Tchaikovsky alikuwa mtu wa kulia tu

Hakuna anayekana kwamba Pyotr Ilyich Tchaikovsky, aliyezaliwa mwaka 1840, alipitia vipindi vya majonzi, wala kwamba ndoa aliyoifunga mwaka 1877 ilimshinda baada ya muda mfupi. Hata hivyo, kabla ya kuwa mtunzi alisomea sheria na kufanya kazi ya ukarani katika Wizara ya Sheria, na nidhamu ya ofisini hakuiacha huko. Alikuwa na saa zake za kutunga na saa zake za kutembea, na katika barua zake alieleza waziwazi kwamba mtunzi anayengoja hamu imjie ndipo aanze kazi hatafika popote. Barua nyingi kati ya hizo alimwandikia mjane tajiri, Nadezhda von Meck, ambaye kwa takriban miaka 13 alimpa msaada wa fedha uliomwezesha kuacha ualimu, kwa makubaliano kwamba wasikutane ana kwa ana.

Lililo mbali zaidi na picha ya mtu mnyonge ni kisa cha selesta. Mwaka 1891, akiwa Paris, Tchaikovsky alikiona kinanda hiki kipya ambacho vibao vyake hugonga vipande vya chuma na kutoa sauti nyororo kama ya kengele ndogo. Alimwandikia mchapishaji wake amwagizie kimoja, akamsisitizia asimwonyeshe mtu yeyote, kwa kuwa alihofia kwamba watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov wangepata habari zake na kukitumia kabla yake. Sauti hiyo ndiyo inayosikika katika baleti ya The Nutcracker, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 1892. Huyo ni fundi anayelinda soko lake, tena kwa ujanja wa kupendeza.

Wengine husema kwamba Simfoni ya Sita aliitunga akijitabiria kifo, kwa sababu alifariki siku tisa baada ya kuiongoza kwa mara ya kwanza, mwaka 1893. Madaktari waliomtibu walitaja kipindupindu, na wakati huo ugonjwa huo ulikuwa umeingia Saint Petersburg. Uvumi wa mambo mengine umekuwapo tangu zamani, lakini mpangilio wa tarehe peke yake si ushahidi.

Dhana: Rimsky-Korsakov aliijua bahari ya Sindbad

Dhana hii ina mvuto wa pekee kwetu, kwani hadithi za Alfu Lela Ulela zimesimuliwa katika nyumba za Lamu kwa vizazi vingi, na mtu akisikia kwamba Scheherazade, utungo wake wa okestra wa mwaka 1888 uliotokana na hadithi hizo, unaanza kwa bahari na jahazi la Sindbad, hudhani kwamba mtunzi wake aliwahi kutweka tanga upande wetu. Ubaharia wake ni wa kweli: Nikolai Rimsky-Korsakov alikuwa ofisa wa jeshi la majini, na kati ya mwaka 1862 na 1865 alisafiri katika meli ya Almaz hadi Uingereza, New York na Rio de Janeiro. Ila Bahari ya Hindi hakuifikia, na kaskazi na kusi hakuwahi kuzionja. Mawimbi ya Scheherazade ni ya Atlantiki na ya vitabuni, na baadaye yeye mwenyewe aliyaondoa majina ya sehemu zake ili msikilizaji asifungwe na kisa kimoja.

Watu hudhani pia kwamba alikuwa msomi wa muziki tangu ujana. Alipoteuliwa profesa katika chuo cha muziki cha Saint Petersburg mwaka 1871, akiwa na umri wa miaka 27, alikuwa hajui kanuni nyingi alizotakiwa kufundisha, akawa anajisomea kwa siri ili awatangulie wanafunzi wake hatua moja. Kumbukumbu zake zinalikiri hilo bila aibu. Mwana wa nahodha aliposikia habari hii aliipenda kuliko ile ya bahari.

Dhana: wote waliishi kwa muziki

Kati ya watunzi watano wa Kirusi waliojulikana kama kundi la Balakirev, Rimsky-Korsakov akiwa mmoja wao, Borodin alikuwa profesa wa kemia aliyesaidia kuanzisha mafunzo ya udaktari kwa wanawake, Cui alikuwa mhandisi wa kijeshi na mtaalamu wa ngome, na Mussorgsky alikuwa mtumishi wa serikali. Borodin alitunga anapopata nafasi, na alipofariki mwaka 1887 opera yake ya Prince Igor ilikuwa haijakamilika. Rimsky-Korsakov na Glazunov ndio walioimalizia.

Dhana: Shostakovich alikuwa mwoga asiye na furaha

Hofu yake ilikuwa na sababu. Mwezi Januari 1936, baada ya Stalin kuitazama opera yake ya Lady Macbeth of Mtsensk, gazeti la Pravda liliishambulia vikali, na katika miaka hiyo shambulio la namna hiyo lingeweza kumfikisha mtu gerezani au kaburini. Aliiweka kando Simfoni yake ya Nne, nayo haikusikika hadharani hadi mwaka 1961. Lakini mwoga hajitolei kuingia kikosi cha zimamoto wakati mji wake unashambuliwa kwa mabomu, kama alivyofanya Dmitri Shostakovich huko Leningrad mwaka 1941, huku akianza kutunga Simfoni ya Saba. Tarehe 9 Agosti 1942, wanamuziki waliodhoofika kwa njaa waliipiga simfoni hiyo ndani ya mji uliozingirwa, na vipaza sauti vikairusha hadi kwa maadui.

Ama furaha yake, ilikuwa uwanjani. Alikuwa shabiki sugu wa Zenit, timu ya kandanda ya Leningrad, aliyeandika matokeo ya mechi katika madaftari yake na kuwaandikia marafiki barua kuhusu kandanda kwa umakini uleule aliouweka katika muziki. Baleti yake ya The Golden Age, iliyoonyeshwa mwaka 1930, inahusu timu ya kandanda ya Kisovieti iliyokwenda kucheza ng'ambo, ikakumbana huko na hila za kila aina, hata za upangaji wa matokeo.