Homoni, na kemikali ambazo si homoni

Juzi kwenye daladala ya kutoka Kiborloni kwenda mjini Moshi, dada aliyekaa mbele yangu alikuwa anamlalamikia mwenzake kwamba kila akipiga mswaki anatema damu. Mwenzake akamjibu, "Achana nazo, ni homoni hizo." Nilishuka stendi bila kusema neno, na limenikaa rohoni mpaka leo.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaingia kwenye damu na kusafiri nayo hadi kiungo cha mbali, ikakipa amri. Basi. Neno hili lilianza kutumika mwaka 1905, katika mihadhara ya Ernest Starling, mwanafiziolojia wa London, na limetokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha, kutia mwendo. Starling alikuwa anamtafutia jina mjumbe anayepita njia ya damu. Safari ndiyo kiini cha neno. Pasipo safari, hakuna homoni.

Sasa mdomoni, wajumbe wengi hawaendi popote. Uma pilipili mbuzi: neva zilizochomwa humwaga kemikali palepale, mishipa midogo ya damu iliyo jirani ikatanuka, ulimi ukawa mwekundu. Harufu ya mtori ikikujaza mate, neva za tezi za mate ndizo zinazoifungua mishipa yake, maana maji ya mate hutoka kwenye damu. Hata utando wa ndani wa mshipa una mjumbe wake, oksidi ya nitriki. Ni gesi. Hupenya hadi kwenye misuli ya ukuta wa mshipa uleule, huilegeza, na baada ya sekunde chache imeisha. Mjumbe wa namna hiyo hatoki Majengo akafika Himo.

Adrenalini ndiyo huwachanganya watu. Jina lake ni la Kilatini, "kando ya figo", kwa sababu tezi zake zimekaa juu ya figo. Ukishtuka husafiri kwa damu mwili mzima: hiyo ni homoni halisi. Lakini daktari wa meno akichoma ganzi iliyochanganywa na adrenalini, utaona fizi inapauka hapohapo, mishipa imebanwa ili dawa isiondoke haraka na damu isitoke nyingi. Kemikali ni ileile, ila hapo inafanya kazi mahali ilipochomwa.

Kwa mjamzito homoni huchangia kweli fizi kuvuja damu, projesteroni hasa. Ila hata kwake, kinachoanzisha kwa kawaida ni utando wa bakteria kwenye shingo ya jino. Fizi huujibu kwa kemikali ziitwazo histamini na prostaglandini, zinazotengenezwa hapohapo, mishipa inatanuka, fizi zinavimba, mswaki ukigusa tu, damu inatoka. Yule dada angeambiwa tu, "Fizi zako zimevimba, dada, nenda wakakusafishe meno."