Je, wajua kwa nini seva iliyonakiliwa bila kasoro bado hugoma kuwaka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kuhamisha seva halisi kwenda kwenye mashine pepe ni kunakili tu: diski husomwa mwanzo hadi mwisho, yaliyomo huandikwa ndani ya faili moja kubwa, na seva huendelea na kazi palepale ilipoachia. Imani hiyo ina mantiki, na ndiyo maana ni vigumu kuiacha. Siku moja nilinakili diski ya seva ya zamani ya Windows bila kutumia programu ya kugeuza, nikaiwasha ndani ya mashine pepe. Nembo ilionekana kwa sekunde chache, kisha ikaja skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Niliilaumu nakala, nikarudia kazi yote, matokeo yakawa yaleyale. Nakala haikuwa na kosa lolote.

Namba hiyo humaanisha kwamba Windows imeshindwa kuifikia diski inayowakia, ingawa yenyewe imetoka kwenye diski hiyohiyo muda mfupi tu uliopita. Sababu ni kwamba diski husomwa na wasomaji wawili kwa zamu. Wa kwanza ni BIOS, programu ndogo iliyomo kwenye ubao mkuu wa kompyuta, ambayo husaidia kupakia kiini cha Windows pamoja na draiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) zile tu ambazo rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, imezipa alama ya 0, yaani za kuwashia. Baada ya hapo Windows hujitegemea. Ni kama mgeni anayeingizwa stoo usiku na mwenyeji mwenye kurunzi: anachokichukua wakati kurunzi inawaka ndicho atakachokuwa nacho, na ikiwa kurunzi yake mwenyewe imebaki rafuni, hawezi tena kuirudia gizani. Seva halisi ilikuwa na kadi ya RAID (inayounganisha diski na seva) ya aina moja, mashine pepe huonyesha nyingine, kwa mfano ya kampuni ya LSI Logic, na draiva yake ama haipo kabisa au ipo na alama ya 3, inayongoja kuitwa.

Kwa hiyo programu ya kugeuza kama VMware Converter, ikishamaliza kunakili, huifungua rejista ya nakala kabla haijawashwa hata mara moja, huweka draiva inayotakiwa na kuipa alama ya 0. Kwa Linux, programu ya virt-v2v huijenga upya initramfs (furushi la faili za mwanzo za kuwashia) ikiwa na draiva za virtio, yaani za vifaa vya mashine pepe. Hatua hii ni fupi mno ikilinganishwa na saa za kunakili, lakini ndiyo kazi yenyewe. Disk2vhd ya Sysinternals, programu ya kunakili diski, haiweki draiva, na bado mashine nyingi hufaulu kuwaka kwenye mashine pepe za kizazi cha kwanza za Hyper-V, mfumo wa Microsoft wa mashine pepe, kwa kuwa diski huonekana pale kama diski ya kawaida ya IDE, aina ya zamani ya muunganisho wa diski. Hata hivyo, hilo hutegemea alama ambayo draiva ya IDE iliachiwa.

Hata seva ikiwaka, kadi ya mtandao ya zamani hubaki kwenye rejista ikiwa imeshikilia anwani yake ya IP, na Windows hulalamika unapoipa kadi mpya anwani hiyohiyo. Kadi hiyo ya zamani huondolewa kwenye orodha ya vifaa, baada ya kuagiza vilivyofichwa navyo vionyeshwe.