Je, wajua kwa nini bahari hunyamaza wahusika wakianza kuimba?

Tazama filamu yoyote ya kimuziki ya vijana wa ufukweni. Wakiongea, mawimbi yanasikika nyuma yao. Gitaa likianza na mmoja akafungua kinywa, bahari inatulia kama mtoto aliyekanywa mbele ya wageni. Wimbo ukiisha, inarudi.

Mfano wangu ni Teen Beach 2, iliyorushwa na Disney Channel kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 2015, ikiwa mwendelezo wa Teen Beach Movie ya 2013. Zote mbili zilipigwa Puerto Rico na kuongozwa na Jeffrey Hornaday. Katika ya kwanza, Mack na Brady wanajikuta ndani ya filamu ya kimuziki ya mwaka 1962, ambamo watu hutoka majini nywele zikiwa kavu. Katika ya pili, wahusika wawili wa filamu hiyo, Lela na Tanner, wanavuka kuja dunia hii, ambako watu hawakatizi mazungumzo ili waimbe. Kwa hadithi, hiyo inatutosha.

Kuhusu bahari kunyamaza, nilikuwa na jibu langu na nililitoa mara nyingi bila kuulizwa: wanaimba palepale mchangani, kisha fundi sauti anakaa kwenye kompyuta na kuyafuta mawimbi. Nilikosea. Desturi ya filamu hizi ni kurekodi wimbo studio kabla ya kamera kuwashwa. Ufukweni, spika zinaupiga, nao waigizaji wanacheza huku wakifuatisha maneno kwa midomo. Ni pleibeki. Bahari haifutwi kwa sababu haikuwemo tangu mwanzo.

Jambo hilo halikupaswa kunishangaza hata kidogo. Video ngapi za Bongo Fleva zimepigwa ufukweni, msanii kaacha vifungo vya shati wazi, maiki haipo, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza sauti inapitia wapi? Kinachotupoteza kwenye filamu ni mazungumzo. Yale mara nyingi hunaswa palepale, kwa hiyo tunaibeba imani ileile hadi ndani ya wimbo, na mpito wenyewe umelainishwa makusudi tusiushtukie.

Kosa la pili huzaliwa na la kwanza. Ukimwambia mtu kwamba ni pleibeki, atakujibu: kumbe hawajui kuimba! Hapana. Wimbo ulirekodiwa wapi ni swali moja; sauti ni ya nani ni swali lingine kabisa. Ross Lynch, aliyemwigiza Brady, alikuwa na bendi pamoja na ndugu zake na aliimba mwenyewe. Kwa upande mwingine, katika High School Musical ya 2006, ya kituo hichohicho, sehemu kubwa ya uimbaji wa Zac Efron ilikuwa sauti ya Drew Seeley. Wote wawili walifuatisha spika, na kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Sasa, kwa nini fundi asifute tu mawimbi? Hapa ndipo penye utamu. Chukua mchele wenye mawe. Unaumwaga kwenye ungo, unachambua, jiwe linaonekana kwa sababu ni jiwe. Mngurumo wa jenereta uko hivyo: umekaa kwenye sauti chache zinazojulikana, fundi anazikata na kuendelea. Bahari ni chumvi iliyokwisha kuyeyuka ndani ya mchuzi. Wimbi linapovunjika huzaa viputo vya hewa visivyohesabika, na kila kiputo hulia kwa sauti yake kufuatana na ukubwa wake. Chenye upana wa milimita 2 hutikisika zaidi ya mara 3,000 kwa sekunde. Kikubwa zaidi hulia chini, kidogo zaidi hulia juu. Vyote kwa pamoja vinajaza ngazi nzima ya sauti, pamoja na mahali pote anapoishi mwimbaji.

Mwambie mtoto aigize wimbi. Atasema shaaa. Hiyo ni “sh” ileile ya shamba na shangazi. Ukiing'oa bahari kwa nguvu, unaondoka na sehemu ya herufi hizo, na shamba linabaki “amba”. Programu za leo hutenganisha sauti kwa ustadi kuliko zile za 2015, lakini nazo zikibanwa sana huacha sauti yenye ladha ya bati.

Kisha kuna ukataji wa picha. Wimbo wa dakika 3 hurudiwa mara nyingi, kamera mbele, kamera pembeni, kamera juu, na mawimbi hayarudii mpigo. Ungeunganisha vipande vilivyoimbwa palepale, bahari ingerukaruka kila picha inapobadilika.

Pleibeki nayo ina usumbufu wake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mchezaji aliye mita 34 kutoka kwenye spika anausikia wimbo ukiwa umechelewa kwa sehemu 1 ya 10 ya sekunde. Ni kidogo, lakini filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde. Kila mita 14 hivi ni picha moja ya kuchelewa, na jicho hugundua mdomo usiooana na neno. Dawa ni kusogeza spika karibu, au kuwavalisha waigizaji visikizi vidogo. Visikizi hivyo ndivyo vilivyowezesha Les Misérables ya 2012 kuimbwa moja kwa moja mbele ya kamera, waigizaji wakisikiliza piano iliyofichwa. Ila wale hawakuwa wakiruka sarakasi mchangani.

Mwigizaji akilazimika kusema neno katikati ya dansi, muziki unazimwa ili maiki inase neno lake, na unabaki mdundo mmoja mzito wa chini mno, unaohisiwa kifuani zaidi ya kusikika. Huo uko chini ya sauti ya mtu, kwa hiyo fundi anauondoa baadaye bila shida: jiwe kwenye ungo. Wakati huohuo wacheza dansi nyuma wanaendelea kurusha mikono na kutabasamu, midomo ikiimba kwa nguvu zote, na pale walipo hakuna wimbo wowote, isipokuwa mdundo huo, miguu yao, na bahari.