Kwa nini takwimu za kujiua hushuka wakati wa vita

Kila nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba vita vikipamba moto watu hujiua kwa uchache, hawaamini. Lakini jambo hili linajulikana tangu karne ya 19. Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, alilieleza mwaka 1897: taifa likiingia vitani, hata mpweke hujikuta ana wenzake na ana la kufanya. Katika Vita Kuu zote mbili viwango vilishuka sehemu nyingi za Ulaya.

Tatizo ni kwamba vilishuka hata Uswidi, ambayo haikupigana. Waswidi walikuwa wamekabili adui gani? Mimi naona mshikamano peke yake hautoshi. Vita pia huleta ajira, na pombe huadimika.

Halafu kuna hesabu yenyewe. Karibu kila nchi, wanaume hujiua zaidi kuliko wanawake, na vita huwachukua haohao na kuwatoa kwenye daftari la raia. Chukua askari aliyekutwa amekufa alfajiri kwenye zamu yake ya ulinzi, hakuna shahidi. Ofisa wake ana fomu mkononi, na bado ana barua ya kumwandikia mama wa marehemu. Ataandika nini? "Amefia vitani." Nani atambishia? Hata hivyo tusiwatwike makarani mzigo wote, maana nchini Uingereza vifo hivi vilipungua hata kwa wanawake.

Kinachoninyima usingizi ni kinachofuata. Ujerumani ilipokuwa inashindwa mwaka 1945, maelfu walijiua. Katika mji mdogo wa Demmin pekee walikufa mamia ndani ya siku chache. Ireland ya Kaskazini ilichukua muda zaidi. Mapigano ya miaka 30 yaliua watu takribani 3,500, yakaja makubaliano ya amani ya 1998, na waliojiua tangu hapo wameshapita idadi hiyo.

Silaha nazo haziondoki na vita. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliagiza askari waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki. Vifo vya kujiua miongoni mwa askari vijana vilipungua kwa takribani asilimia 40. Siku za katikati ya wiki hakikubadilika kitu. Karibu upungufu wote ulitokana na zile siku mbili tatu za likizo, bunduki ikiwa mbali.