Gari la spoti jipya: bei inaanzia kwenye tairi

Kazi yangu ni kuwatafutia watu magari ya spoti ya kifahari, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "nitapunguziwa kiasi gani?" Hilo lisubiri kidogo. Kwanza tujue kama gari unalolitaka lina foleni au halina.

Porsche 911 GT3 ina foleni. Kila wakala hupewa mgao wake, na wanaoitaka ni wengi kuliko mgao. Ferrari ndiyo usiseme: matoleo yake machache hutangulizwa kwa wateja wa siku nyingi, hivyo kwenda kubembeleza bei huko ni kujichosha bure. Corvette ya kizazi cha nane ilipoanza kuuzwa mwaka 2020, kisha uhaba wa chipu za kielektroniki ukavibana viwanda mwaka 2021, mawakala wengi Marekani waliweka cha juu bila haya na bado magari yakaondoka. Kwa gari la aina hiyo, ukiuziwa kwa bei elekezi tupu, ile inayopendekezwa na kiwanda, umepata bei nzuri. Saini uondoke.

Mengine, hata ya nembo kubwa, hukaa shorumu. Hapo ndipo pa kupatana. Mara nyingi wakala hajalinunua gari lile kwa pesa yake mfukoni. Amelichukua kwa mkopo, na riba inatembea gari likiwa limesimama pale linang'aa. Kwa hiyo chunguza limekaa muda gani. Muuzaji atakwambia limeingia juzi, lakini tairi halidanganyi: ubavuni kuna herufi DOT, na tarakimu nne za mwisho baada yake ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Tairi za kiwandani hutangulia gari kwa muda mfupi tu, kwa hiyo utapata picha ya karibu. Gari likiwa na umri wa miezi minane na rangi ambayo wengi wanaikwepa, una nguvu. (Mimi nina udhaifu na njano, na imeniokolea wateja pesa nyingi.)

Gari la shorumu lina faida nyingine: vikolombwezo. Breki za kauri, viti vya kaboni, rimu kubwa, vyote hugharimu maelfu ya dola ukiagiza kiwandani, na thamani yake hushuka haraka sana gari likishatumika. Alivichagua wakala, basi mzigo ni wake. Ukiagiza mwenyewe, chagua vichache utakavyovihisi ukiwa unaendesha.

Halafu kuna lile swali tamu: "Ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Usilijibu. Chukua mkopo wa dola 100,000 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa miezi 60 utalipa kama dola 1,933 kila mwezi. Ukivutwa hadi miezi 84, inashuka hadi 1,461, unapumua, kumbe umeongeza takriban dola 6,700 za riba na bei ya gari haijapungua hata senti. Maliza bei ya gari jipya kwanza, kwa maandishi, ikiwa na kodi na ada zote ndani. Gari lako la zamani, kama unamwachia wakala liwe sehemu ya malipo, lizungumziwe baadaye, na mkopo uje mwisho, ukiwa tayari umeuliza benki yako. Vitatu vikichanganywa mezani, punguzo la huku hurudishwa kule.

Nikikosa gari lililokaa, huuliza kama wapo tayari kuachia lile wanalowapa wateja kujaribia. Huwa na kilomita chache, na bei yake hushuka vizuri. Ila lijaribu injini ikiwa bado baridi, maana kila aliyepita amelikanyaga mafuta, kisha uliza dhamana ilianza kuhesabiwa lini. Ikiwa ilianza siku liliposajiliwa, miezi iliyopotea nayo itolewe kwenye bei.