Kwa nini Wamisri wa kale waliacha uwazi ndani ya sanamu ya mungu?

Katika makaburi mengi ya Misri ya kale, hasa ya kuanzia karne ya 7 Kabla ya Kristo, hukutwa sanamu ya mbao ya mungu aliyesimama wima, mwili wake umeviringwa kama maiti, na kichwani ana manyoya mawili marefu, duara la jua na pembe za kondoo dume. Huyu ni Ptah-Sokar-Osiris. Katika sanamu nyingi za aina hiyo, mwilini au kwenye kitako, kuna uwazi uliochongwa kwa makusudi na kuzibwa kwa kifuniko.

Jibu huanzia kwenye majina hayo matatu. Ptah alikuwa muumbaji na bwana wa mafundi mjini Memphis. Sokar, mwenye umbo la kipanga, alikuwa mungu wa makaburi ya mji huo. Naye Osiris aliuawa na nduguye Seth, akafufuka na kuwa mtawala wa wafu. Kuwaunganisha kulimpa marehemu kinga moja iliyoshika kuumbwa, kufa na kuzaliwa upya, na kilichotiwa ndani kilikuwa nyenzo ya kazi hiyo.

Wakati mwingine kilikuwa gombo la mafunjo. Desturi hiyo ilianza mapema: gombo la Kitabu cha Wafu, yaani mkusanyo wa maneno ya kumsaidia marehemu ahera, la Hunefer, karani wa kifalme wa mnamo 1280 K.K., lenye mchoro maarufu wa moyo ukipimwa kwenye mizani, lilifichwa ndani ya sanamu kama hii. Sanamu nyingine zilitiwa udongo uliochanganywa na nafaka, na kwa maoni yangu hapo ndipo imani yenyewe inapoonekana wazi zaidi. Katika mwezi wa Khoiak, mafuriko ya Nile yalipokuwa yakipungua, makuhani walifinyanga umbo la Osiris kwa udongo na shayiri, wakalimwagilia hadi likachipua, kisha wakalizika. Mbegu ilioza ikaota. Marehemu naye alitarajia vivyo hivyo.

Kwa hiyo kuiita sanamu hii kinyago cha kuabudiwa ni kukosea, kwani ilifungiwa kaburini pamoja na mwenyewe, mara nyingi jina lake likiwa limeandikwa juu yake. Hata mti ulikuwa na maana: mkuyu, ambao huota pia kandokando ya mito ya Afrika Mashariki, ulitumika sana, na mungu wa kike Hathor aliitwa Bibi wa Mkuyu. Uso ulipopakwa dhahabu, uliiga mwili wa miungu, ulioaminika kuwa wa dhahabu; ulipopakwa kijani, ilikuwa rangi ya Osiris na ya shayiri changa.