MAILER-DAEMON si virusi, wala barua yako haijarudi

Katika ofisi za mawakala wa forodha, hapa Mombasa, kuanzia Shimanzi hadi Moi Avenue, jina hili huzua taharuki. Karani amemtumia mteja wa Kampala hati za mzigo, dakika mbili baadaye anapata ujumbe kutoka kwa “mela dimoni”, na papo hapo ofisi nzima inaambiwa virusi vimeingia. Waya wa mtandao unachomolewa, kompyuta inachunguzwa, na wakati huo mteja bado anasubiri hati zake.

MAILER-DAEMON ni jina ambalo seva ya barua pepe hujiandika kama mtumaji inapotoa taarifa kwamba barua fulani haikuweza kufikishwa. Maana yenyewe inaishia hapo.

Kinachowatisha watu ni nusu ya pili ya jina. Mwaka 1963, katika Project MAC, mradi wa utafiti wa kompyuta kwenye chuo cha MIT, Marekani, kikundi cha mwanasayansi Fernando Corbató kilikuwa na programu zilizofanya kazi chinichini kwenye kompyuta ya IBM 7094 bila kungoja amri ya aliyeketi mbele ya mashine. Wakaziita daemon. Jina walilichukua kwenye fizikia: James Clerk Maxwell, mwaka 1867, alifikiria kiumbe mdogo anayelinda kilango na kutenganisha molekuli za kasi na za polepole bila kuchoka, na William Thomson mwaka 1874 akampa kiumbe huyo jina la demon. Wapo wanaoshikilia kwamba daemon ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza kuhusu diski. Maelezo hayo yalibuniwa baadaye.

Tahajia yenye “ae” inaturudisha kwa Wagiriki, ambao daimon kwao alikuwa kiumbe wa kati, baina ya miungu na watu, si lazima awe mwovu. Mtu wa Pwani hana haja ya kufafanuliwa sana hapo, kwani kwetu pia majini wako wema na wabaya. Kwa hiyo kuliita shetani ni kulionea. Neno lililo karibu zaidi ni hadimu, mtumishi asiyeonekana. Ndiye anayejificha katika ile herufi “d” mwishoni mwa majina ya programu za seva kama smtpd na sshd, na seva yako ina mahadimu wengi wanaofanya kazi usiku kucha.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo linasababishwa na seva zenyewe. Postfix, programu ya seva ya barua pepe, huipa taarifa hiyo kichwa kinachosema barua imerudishwa kwa mtumaji. Hakuna kilichorudi. Ulichopokea ni barua mpya, aghalabu iliyoandikwa na seva ya ofisi yako mwenyewe, ikieleza ilichojibiwa huko ilikokwenda. Ndani ya taarifa hiyo tazama mstari wa Reporting-MTA (MTA ni seva inayosafirisha barua): seva iliyotajwa hapo ndiyo iliyoandika taarifa. Remote-MTA ni ile iliyokataa. Wengi hugeuza hizi mbili, kisha fundi anakesha akirekebisha seva isiyo na kosa.

Baada ya hapo soma mstari wa Status, wenye namba ya sababu. Namba inayoanza na 5 ni kukataliwa kabisa, na kutuma tena vilevile hakusaidii. 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, mara nyingi herufi imekosewa. 5.2.2 ni sanduku la mpokeaji limejaa. 5.7.26 ni kushindwa kuthibitisha utambulisho, kwa hiyo kagua SPF na DKIM, rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, katika DNS yako, yaani orodha ya mtandao ya rekodi za jina lako la kikoa. 5.7.25 inahusu PTR, yaani jina la kinyume la anwani ya IP, na hilo huwekwa na kampuni iliyokupa IP, si ile uliyonunua kwao jina la kikoa. Watu hupoteza siku nzima kwa kupiga simu kwa kampuni isiyohusika.

Namba inayoanza na 4 ni kizuizi cha muda. Ukiona mstari wa Action: delayed (imecheleweshwa), barua bado iko foleni na seva itajaribu tena yenyewe. Postfix kwa kawaida huendelea kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Amri ya postqueue -p inakuonyesha foleni pamoja na sababu ya kila barua kukwama. Karani akituma tena mara nne kwa wasiwasi, mteja atapata nakala tano. Shida ni kwamba Postfix haitumi onyo la kuchelewa mpaka mpangilio wake wa delay_warning_time uwekwe, kwa mfano 4h, yaani saa nne. Bila hiyo, ofisi hukaa kimya siku 5 ikidhani hati zimefika.

Usithubutu kuzuia taarifa hizi kana kwamba ni takataka. Jina MAILER-DAEMON huonekana kwa msomaji tu; kwenye bahasha ambayo seva husoma, zinasafiri na mtumaji mtupu, <>, makusudi, ili seva mbili zisijibizane milele. Fundi anayekataa barua zenye <> anaifunga mdomo seva yake, na tangu siku hiyo hakuna anayejua kipi hakikufika. Zikija nyingi kwa barua ambazo hamkutuma, tafuta kwanza barua hizo katika kumbukumbu za seva yenu, mara nyingi faili ya /var/log/mail.log. Zisipokuwemo, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameghushi anwani yenu mahali pengine.

Kwa hiyo mwenzako akisema mela dimoni amerudisha barua, mwambie kwa upole: haijarudi, tumeandikiwa taarifa. Kisha msome pamoja kama Status inaanza na 4 au 5.